Mama usione haya, misuli ya kuzuia mkojo hufunzika

KUNA maradhi ambayo mtu huyatangaza hata kwa jirani. Akiumwa na jino atashika shavu mchana kutwa, na akishikwa na malaria atajifunika blanketi kila mtu amwone. Lakini kuna tatizo moja ambalo mwanamke aweza kuishi nalo miaka kumi bila mumewe, mamaye wala daktari wake kujua. Ni lile la mkojo kumponyoka bila kukusudia.

Dalili zake huonekana kwa mwenye kuchunguza. Mama fulani hataki tena kuketi katikati ya kanisa, yeye kila Jumapili ni karibu na mlango. Mwingine akitaka kusafiri kutoka Nairobi kwenda Kisumu hatii chai mdomoni tangu jana yake. Yuko anayevaa leso mbili chini ya rinda hata katika joto la Mombasa, na harusini ameacha kucheza kwa sababu akiruka mara mbili tu huhisi maji yakimchuruzika. Mwislamu naye hutaabika na udhu, kwani akipiga chafya tu umetenguka.

Wengi wao hujiambia kuwa hayo ndiyo malipo ya kuzaa, au kwamba uzee umebisha hodi. Wenye pesa hununua sodo mwezi baada ya mwezi, hata wale ambao hedhi yao ilikoma zamani. Wasio nazo hukata vitambaa vikuukuu. Na kila mmoja hudhani ni yeye peke yake aliyepatwa na balaa hiyo, kumbe huenda aliyeketi kando yake chamani ana siri iyo hiyo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Madaktari wanasema tatizo hili ni la kawaida lakini si la lazima, na kwa akina mama wengi hupungua au hutoweka kabisa bila kisu wala tembe. Mojawapo ya njia zinazotumiwa ni mafunzo yaitwayo bayofidibeki, ambapo mgonjwa huunganishwa na mashine inayomwonyesha jinsi misuli yake inavyofanya kazi ili ajifunze kuitawala. Mashine hiyo imesifiwa sana, na sifa hizo zina ukweli wake. Hata hivyo, utafiti umeonyesha jambo ambalo kila mama anafaa kulijua kabla ya kufungua mkoba wake.

KITANDA CHA KAMBA

Ili kuelewa matibabu haya, yafaa kwanza tujue kinachoharibika. Chini kabisa ya kiwiliwili cha mwanamke, kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu kule nyuma, kuna misuli iliyotandazwa mfano wa kamba za kitanda. Misuli hii ndiyo iliyobeba kibofu cha mkojo, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Ndiyo pia huubana mrija wa mkojo usifunguke ovyo, na ndiyo huzuia hewa na haja kubwa mpaka mtu afike msalani.

Kamba zikiwa zimekazwa sawasawa, alalaye hana habari nazo. Zikilegea, kitanda hufanya shimo. Uja uzito huielemea misuli hiyo kwa miezi tisa, na wakati wa kujifungua huvutwa sana na pengine kuchanika. Mama akifikia umri wa kukoma hedhi, homoni zinazosaidia kuimarisha sehemu hizo hupungua. Kikohozi kisichokwisha, kufunga choo, unene wa kupita kiasi na kuinua mizigo mizito kila siku huongeza taabu. Hata wasichana ambao hawajawahi kuzaa hawakosi kupatwa, hasa wanamichezo wa kuruka na kukimbia.

Wataalamu huligawa tatizo hili katika mafungu. La kwanza ni mkojo kuponyoka mtu akikohoa, akicheka, akipiga chafya au akiinua mtungi wa maji. Hapa aghalabu ni misuli iliyolegea. La pili ni haja inayokuja kwa ghafla. Mama anatia ufunguo mlangoni, au anasikia tu maji ya mfereji yakimwagika, na kabla hajafika msalani amekwisha kulowa. Hapa kibofu hujikaza chenyewe kabla ya wakati wake. Wako pia wenye matatizo yote mawili kwa pamoja.

Fungu jingine ni tofauti kabisa. Mama aliyekaa na uchungu wa uzazi kwa muda mrefu, kisha akaanza kutokwa na mkojo mfululizo usiku na mchana, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Tundu halizibwi na mazoezi. Mama huyo anahitaji daktari wa upasuaji, na tutamrudia baadaye.

CHOMBO CHA KEGEL

Wazo la kuifunza misuli hii kwa kutumia chombo si geni. Mnamo 1948 daktari wa magonjwa ya wanawake nchini Marekani, Arnold Kegel, alichapisha makala akieleza jinsi alivyowatibu akina mama kwa mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli ya chini. Mazoezi hayo hadi leo huitwa kwa jina lake katika nchi nyingi.

Kegel aliona kwamba maneno matupu hayatoshi. Mtu akiambiwa akunje mkono, anauona msuli ukituna. Lakini misuli ya chini haionekani, na wengi hawajawahi kuifikiria maishani mwao. Kwa hivyo alibuni chombo alichokiita perinomita. Kilikuwa na sehemu ya mpira yenye hewa iliyotiwa ukeni, nao mpira ukaunganishwa na kipimo chenye mshale, mfano wa kile cha kupimia shinikizo la damu. Mama alipokaza vyema, mshale ulipanda. Alipolegea, ulishuka. Kwa mara ya kwanza aliweza kuona kwa macho kazi ya misuli iliyofichika.

Hiyo ndiyo maana ya bayofidibeki. Mwili unafanya jambo, chombo kinakuletea habari zake papo hapo, nawe unajirekebisha.

Siku hizi mshale umetoa nafasi kwa kompyuta. Mama anayeenda kwa matibabu haya kwanza huulizwa maswali mengi: huenda haja mara ngapi kwa siku, hunywa nini, amezaa mara ngapi, mkojo humponyoka akifanya nini. Mkojo wake hupimwa kuhakikisha hana maambukizi wala kisukari. Kisha, katika chumba cha faragha, kidude chembamba cha plastiki hutiwa ukeni, au vibandiko vidogo vyenye nyaya huwekwa karibu na tupu ya nyuma. Mara nyingine vibandiko vingine hubandikwa tumboni.

Msomaji asiogope kusikia habari za nyaya. Mashine ya aina hii haimpigi mtu umeme. Kazi yake ni kupokea umeme mdogo mno ambao misuli yenyewe hutoa inapojikaza, au kupima mkazo wake, na kuuonyesha kwenye skrini kama mstari unaopanda na kushuka. Ipo mashine nyingine ya kusisimua misuli kwa umeme, lakini hiyo ni tiba tofauti.

Mtaalamu humwambia mama akaze kwa sekunde kadhaa, kisha alegeze. Mstari ukipanda, ameipata. Ukibaki chini na ule wa tumbo ukapanda, basi anasukuma badala ya kuvuta, na hapo hapo hurekebishwa. Baada ya hapo hurudi nyumbani na mazoezi ya kufanya kila siku, kisha hurejea mara kadhaa ili maendeleo yake yapimwe.

Umuhimu wa kuelekezwa vyema haufai kupuuzwa. Katika uchunguzi uliochapishwa huko Marekani mwaka 1991, wanawake 47 walielezwa kwa maneno tu jinsi ya kukaza misuli hiyo, kisha wakapimwa. Ni asilimia 49 pekee waliokaza ipasavyo. Asilimia 25 walikuwa wakifanya kwa namna ambayo ingeweza kuwazidishia tatizo, kwa kuwa walikuwa wakisukuma kuelekea chini.

MASHINE AU MAZOEZI?

Swali ambalo kila mama mwenye bajeti atauliza ni hili: je, kinachoponya ni mashine au ni mazoezi?

Kwanza, hakuna shaka kwamba kuifunza misuli husaidia. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 197 wa umri wa miaka 55 hadi 92, wengi wao wakisumbuliwa na ile haja ya ghafla. Waliofunzwa kwa bayofidibeki walipunguza visa vya kulowa kwa takriban asilimia 81. Waliopewa dawa ya kutuliza kibofu walipunguza kwa asilimia 69 hivi, na waliopewa tembe zisizo na dawa ndani yake kwa asilimia 39. Ni jambo la kutia moyo kwamba bibi wa miaka themanini aliweza kujifunza.

Kisha mwaka 2018 uchambuzi wa tafiti nyingi uliwalinganisha wanawake waliofanya mazoezi ya misuli na wale ambao hawakupewa matibabu yoyote. Miongoni mwa wale ambao mkojo huwaponyoka wakikohoa au wakiinua kitu, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, ikilinganishwa na asilimia 6 tu ya wenzao.

Lakini mashine je? Jibu lilitoka Uingereza mwaka 2020. Wanawake 600 kutoka vituo 23 vya Scotland na England waligawanywa kwa kura. Nusu yao walifunzwa mazoezi na mtaalamu pasipo mashine. Nusu ya pili walifunzwa mazoezi yayo hayo pamoja na mashine ya bayofidibeki, kliniki na nyumbani. Kila mmoja aliwekewa ratiba ya kumwona mtaalamu mara sita katika wiki 16. Baada ya miaka miwili walilinganishwa. Makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti baina yao haikuwa ya maana.

Kwa ufupi, mashine ni kioo. Kioo humsaidia mtu kuona mahali pa kuchana, lakini kinachochana ni kitana na mkono wake mwenyewe. Ndiyo sababu miongozo ya matibabu nchini Uingereza haipendekezi mashine hizi kwa kila mgonjwa, bali huzihifadhia wale ambao hata baada ya kuelekezwa bado hawawezi kabisa kuikaza misuli yao. Kwao kioo kina faida, maana huwapa pia moyo wa kuendelea.

Hizi ni habari njema kwa Mkenya. Usitarajie kuikuta mashine ya bayofidibeki katika kila hospitali, lakini wataalamu wa fiziotherapia wako katika hospitali kuu za umma, ikiwemo ile ya Kitaifa ya Kenyatta, na katika hospitali za kibinafsi. Si wote waliobobea katika misuli hii, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa. Aliyebobea anaweza kuipima kwa kidole kilichovikwa glavu na kukueleza kama unavuta au unasukuma. Una haki ya kuomba uhudumiwe na mwanamke, na una haki ya kuwa na mwenzako chumbani.

NAMNA YA KUFANYA

Mama anayetaka kuanza nyumbani afuate utaratibu huu. Akojoe kwanza. Kisha alale chali, akunje magoti, apumue kama kawaida. Ajifanye kama anayezuia hewa isimtoke mbele za watu na wakati uo huo anazuia mkojo. Atahisi sehemu za chini zikijikaza na kuinuka kuelekea ndani. Huko ndiko kukaza. Matako, mapaja na tumbo vitulie, na pumzi isizuiwe.

Ashikilie kwa sekunde anazoweza, hata kama ni tatu tu, kisha alegeze kabisa kwa muda kama huo. Arudie mara nane hadi kumi. Baadaye akaze na kuachilia kwa haraka mara kumi nyingine. Afanye hivyo mara tatu kwa siku, akiongeza muda pole pole mpaka afikie sekunde kumi. Akizoea kulala, afanye akiwa ameketi, hatimaye akiwa amesimama, kwani mkojo humponyoka mtu akiwa wima.

Atajuaje kama anafanya sawa? Kioo kidogo cha mkononi kinatosha. Akitazama kati ya uke na tupu ya nyuma, ngozi yafaa kuvutwa ndani anapokaza. Ikitokeza nje, anasukuma, na asiendelee mpaka apate mwelekezi. Aliyeolewa anaweza pia kutia kidole safi ukeni ahisi kikibanwa. Wasomaji wetu wachanga hawana haja ya kufanya hivyo, kioo kinawatosha.

Wengine hufunzwa kukatiza mkojo katikati ya haja. Hiyo yafaa kwa kujaribu mara moja tu, ili kuitambua misuli. Isifanywe kuwa mazoezi, kwa kuwa huzuia kibofu kumaliza mkojo wote.

Kuna hila nyingine ndogo yenye faida kubwa. Unapohisi chafya inakuja, au kabla ya kuinua mtungi, kaza misuli kwanza kisha ndipo upige chafya au uinue. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1998 kwamba wanawake waliofunzwa hila hii kwa wiki moja tu walipunguza mkojo uliowatoka walipokohoa.

KIBOFU NACHO HUFUNZWA

Mwenye haja ya ghafla ana kazi ya ziada. Wengi huizoeza nafsi kukimbilia msalani kila nusu saa ili wasiumbuke, na hivyo kibofu husahau kujaa. Dawa yake ni kuongeza muda kidogo kidogo. Haja ikija, usikimbie. Simama au keti, kaza misuli ya chini mara kadhaa kwa haraka, vuta pumzi, fikiria jambo jingine mpaka wimbi lipite, kisha utembee taratibu kuelekea msalani. Wiki hii ikiwa unaenda kila saa moja, wiki ijayo ongeza dakika kumi na tano.

Usijinyime maji. Mkojo mzito hukichoma kibofu na kukizidishia ukali, na kufunga choo huielemea misuli. Punguza badala yake chai ya rangi, kahawa na soda za aina ya kola, na uone kama kuna mabadiliko. Kwa walio wanene, kupunguza uzito kuna faida iliyothibitishwa. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, wanawake waliopunguza takriban asilimia 8 ya uzito wao katika miezi sita walipunguza visa vya kulowa kwa asilimia 47.

WASIOFAA KUNGOJA

Sio kila mkojo unaoponyoka ni wa kutibiwa kwa mazoezi. Mwone daktari upesi ukiona damu katika mkojo, ukihisi maumivu na homa, ukishindwa kukojoa ingawa kibofu kimejaa, ukihisi nyama inatokeza ukeni, au ukianza kufa ganzi sehemu za siri au miguuni. Kiu isiyokwisha pamoja na kukojoa sana huenda ikawa ni kisukari.

Naye mama wa fistula asifichwe nyumbani, wala asiambiwe amerogwa. Tundu hilo huzibwa kwa upasuaji, na wako madaktari wa Kenya wenye ujuzi huo, kama vile katika hospitali ya Gynocare mjini Eldoret. Wako ambao hata baada ya tundu kuzibwa bado hutokwa na mkojo kidogo kwa sababu misuli imedhoofika. Hapo mazoezi tuliyoyaeleza huwa sehemu ya kupona kwao.

Waume nao wana wajibu. Mke anayehepa kitanda si lazima awe amepoteza mapenzi, pengine anaogopa kulowesha shuka. Kumwita kikojozi mbele ya watoto hakutibu lolote. Kumsindikiza hospitali kwaweza kurudisha furaha ya nyumba nzima. Wakwe na mashangazi wanaowahudumia wazazi wapya, pamoja na kuwapa uji na supu, wawakumbushe pia mazoezi haya. Mja mzito anaweza kuyaanza kabla hajajifungua, kwani kinga ni bora kuliko tiba.

Jambo gumu zaidi ni subira. Misuli haiimariki kwa siku tatu, na wengi huacha wiki ya pili wakidhani wamedanganywa. Wataalamu husema mtu ajipe angalau miezi mitatu, chini ya uangalizi akiweza, ndipo aamue kama yamemfaa au atafute njia nyingine, maana dawa na upasuaji vipo kwa ambao mazoezi hayakuwatosha. Ili usisahau, yafungamanishe na shughuli za kila siku: maji ya chai yanapochemka, unapomnyonyesha mtoto, au matatu inapokwama katika msongamano wa Jogoo Road. Abiria wa kando yako hatajua unafanya nini.

Na ikiwa umesoma makala haya ukamkumbuka mama yako, dada yako au jirani anayeketi kila mara karibu na mlango, mpe gazeti hili alisome. Huenda ni miaka mingi anangoja mtu wa kumwanzishia mazungumzo.